Sista Aliyetushikia Kamera

Hata sasa, katikati ya upasuaji wa nyongo, nikifika mahali pa kuomba klipu, mimi hungoja kidogo. Wauguzi wapya hudhani nasali. Sisali. Nangoja mtu aseme "Naona viwili", na aliyekuwa akisema hivyo alifariki mwaka jana, nyumbani kwake Musanda, si kwa nyongo bali kwa moyo, akiwa ndiyo kwanza amemaliza uji wake wa asubuhi. Nimemkosa kuliko nilivyodhani mtu anaweza kumkosa asiye mama yake. Na kwa miaka sita palikuwa na neno moja kati yetu ambalo lilikuwa langu kulisema, nami sikulisema. Kwa hiyo kila nikimkumbuka, hilo neno nalo hujitokeza, hata pale ninapotaka kukumbuka vichekesho vyake peke yake.

Hakuwa mtawa. Alikuwa na mume, watoto watano, na shamba la miwa lililomsumbua kuliko hao wote. Alikuwa muuguzi mkuu wa thieta katika hospitali yetu, pembeni mwa mji wa Kakamega, na nilipofika pale nikiwa daktari mchanga wa upasuaji, yeye alikuwa amekwisha kuona madaktari wengi wakija na mabegi na kuondoka na mabegi. Jina lake kamili nililisoma mara moja tu, kwenye kadi ya kumuaga. Tulimwita Sista, na wagonjwa wazee waliodhani ni mtawa walimwomba awaombee. Aliwaombea bila kuwasahihisha. Nilipomuuliza kama hiyo si kudanganya, alisema sala haiulizangi mtu kama ameolewa.

Kazi aliyoipenda ni kushika kamera. Zamani, ukiwa na mawe kwenye mfuko wa nyongo, tulikupasua chini ya mbavu za kulia mkato mrefu kuliko kiganja, ukalala wodini wiki nzima ukiogopa hata kukohoa. Siku hizi tunatoboa matundu manne madogo. Tumbo linajazwa hewa ili lipate nafasi, kamera nyembamba inapita kitovuni, na vyombo virefu vya kushikia na kukatia vinapita kwenye matundu mengine. Daktari haangalii tumbo tena, anaangalia runinga. Basi anayeshika kamera ndiye macho ya watu wote mle ndani. Akichoka yeye, mmepotea ninyi.

Mkono wa Sista haukuchoka. Alikuwa mfupi, akisimama juu ya kijukwaa cha mbao alichotengenezewa na fundi wa hospitali, na ole wako ukikisogeza hata inchi moja. Alinukia maziwa ya mgando na sabuni ya kipande. Alipumua taratibu sana wakati wa kazi, na baada ya kazi alipumua kwa kelele, kana kwamba alikuwa ameiweka pumzi yote akiba.

Lile neno lake, "Naona viwili", lilitokana na jambo ambalo kila daktari wa tumbo analijua na si kila daktari analitii. Mfuko wa nyongo unaning'inia chini ya ini, umezungukwa na mafuta na utando. Unasafisha polepole mpaka vibaki vitu viwili tu vinavyouingia, mrija mmoja mdogo wa nyongo na mshipa mmoja wa damu, na nyuma yao ulione ini. Hapo ndipo unabana klipu, kibanio kidogo cha chuma, na kukata. Maana jirani kabisa kuna mrija mkubwa, ule unaotoa nyongo kwenye ini na kuipeleka utumboni, na ukiangaliwa kwa pembe mbaya unafanana na ule mdogo kabisa. Ukikata huo, umemharibia mtu maisha. Kwa hiyo katika thieta yetu palikuwa na mila isiyoandikwa popote: muuguzi wa vyombo hatoi klipu mpaka mshika kamera aseme ameona viwili. Mila hiyo aliianzisha Sista. Hakuomba ruhusa ya mtu.

Madaktari wachanga alitufundisha kwa kuku. Alileta katoni ya mafuta ya kupikia, akaitoboa matundu manne, akaegemeza simu yake ndani iwe kamera, na chini akaweka ini bichi la kuku likiwa na nyongo yake. Tulitakiwa kuitoa nyongo nzima kwa vyombo virefu, tukitazama simu. Aliyekulia Kakamega anajua maana yake. Msichana akichinja kuku wa wageni, anapimwa kwa nyongo. Akiipasua, nyama inakuwa chungu, na hata wageni wakinyamaza kwa adabu, mama yake anajua. Sista alisema wasichana wa kwetu wamefanyanga upasuaji huu tangu wakiwa na miaka kumi, ni vyeti tu walinyimwa.

Sheria ilikuwa moja. Ukiipasua, unalikaanga ini lile na kulila mwenyewe, yeye akiwa amekaa mbele yako na chai yake. Mimi nililila mara tatu. Uchungu wake unakaa kwenye koo mpaka kesho yake jioni, na maji hayausaidii.

Mara ya nne niliitoa nzima, ikakaa kwenye sahani ikiwa kijani na kujaa. Wenzangu wa kiume walipofaulu, Sista aliwapa firigisi ya kuku yule ikiwa imechomwa vizuri na kutiwa chumvi. Nikangoja yangu. Nikapewa bawa. Nilimuuliza kwa nini, akaniita mwanangu kwa Kiluhya: "Imondo, hiyo firigisi, ni ya wanaume, mwana wanje. Hiyo desturi sikuianzisha mimi." Mwanamke aliyekuwa akiwafukuza madaktari wakuu thieta kwa kuingia na viatu vya nje, hakuwa amewahi kuonja firigisi maishani mwake, na hakuona ajabu yoyote. Nilikula lile bawa kwa hasira, nikaliona tamu, jambo lililonikasirisha zaidi.

Hakuwa adui wa mambo mapya, watu walimsingizia. Matundu yalipoletwa, daktari mkuu wa wakati ule aliyacheka na kuyaita michezo ya kwenye runinga. Sista ndiye aliyeyatetea. Alikuwa amewaona wakata miwa wa Kabras waliopasuliwa kwa mkato mrefu wakipoteza msimu mzima, hawawezi kuinua panga. Mgonjwa wetu mmoja wa mwanzo wa matundu manne, mzee wa huko huko Kabras, alitembea siku ya pili na kudai tumemdanganya, hatukumtoa kitu. Sista alimletea mawe yake kwenye chupa ndogo. Mzee akaenda nayo nyumbani, na nasikia aliyaonyesha kanisani wakati wa ushuhuda.

Alichotaka ni kila njia ipimwe kabla ya kuingizwa kwenye tumbo la mtu. Jumamosi alitufanyisha kwenye katoni kwa matundu manne, halafu matatu, halafu moja, ile njia ambayo vyombo vyote vinapita kitovuni na kovu halionekani. Manne, alisema, kila mkono una kazi yake na kila kitu kinaonekana. Matatu ni kusonga obusuma, ugali wetu, bila mtu wa kukushikia sufuria. Inawezekana, lakini uwe na sababu. Moja ni watu wawili kutokea mlango mmoja kwa wakati mmoja. Vyombo vinapishana, mkono wa kulia unatokea kushoto, na kamera inakosa pa kusimama. "Si mbaya," alisema. "Ni ya nyongo tulivu na daktari mtulivu. Wote wawili siku moja, hiyo ni nadra."

Umeme ulipokatika katikati ya kazi, runinga ikawa nyeusi na sisi tumeshika ndani ya mtu vitu tusivyoviona, Sista hakutoa amri. Alianza kuimba kwa sauti ya chini wimbo wa kanisani, polepole, nasi tulijua kwamba mpaka aufikie ubeti wa pili hakuna mkono utakaosogea. Jenereta iliwahi kuchelewa mpaka akamaliza beti zote na kuanza upya. Siku hizi tuna betri ya akiba na giza halipo tena. Naukosa ule wimbo, na sijui mtu mwingine wa kumwambia hivyo bila kuonekana nimechanganyikiwa.

Na alikuwa mwongo kwa jambo moja, afya yake. Aliwagombeza wagonjwa waliokunywa dawa za mizizi kabla ya kuja hospitali, ilhali kwenye kabati lake la nguo kulikuwa na chupa ya maji ya mwarobaini. Hakula kitu cha kukaangwa. Alisema amefunga kwa ajili ya Kwaresima, na Kwaresima yake ilidumu kutoka Januari hadi Desemba. Wakati mwingine nilimkuta ameinama ukutani akishika ubavu wa kulia. Akiniona alijifanya anafunga kiatu. Mimi daktari wa nyongo nilikuwa nikimwona hivyo kila mwezi na sikumuuliza, kwa sababu nilimzoea akiwa mtu wa kutuuliza sisi.

Sasa nifike kwenye ile siku.

Nilikuwa nimerudi kutoka India, miezi mitatu ya kujifunza tundu moja, na nilirudi nikiwa na kichwa kikubwa. Mgonjwa wetu alikuwa msichana wa Lugari aliyebakiza wiki chache afunge ndoa, na hakutaka kovu. Mimi nilitaka hivyo zaidi yake. Sista alishika kamera. Mafuta yalikuwa mengi, vyombo vikagongana, na baada ya saa nzima nilikuwa naona mrija mmoja na nilikuwa na hakika ndio wenyewe. Niliomba klipu.

"Naona kimoja," alisema Sista.

Nikaomba tena. Muuguzi wa vyombo akamtazama Sista kwanza, na hicho ndicho kilichoniunguza.

"Naona kimoja, Daktari."

Nikamwambia, mbele ya watu wote, kwamba kazi yake ni kushika kamera na si kuhesabu, na kama amechoka atoke. Alimpa mwenzake kamera kwa utaratibu, kama mtu anayempa mwingine mtoto aliyelala, akateremka kijukwaani, akavua glavu na kutoka. Nikachukua klipu mwenyewe kwenye trei, nikaibana.

Nilikuwa nimekwisha kufungua mkasi nilipoanza kuogopa. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Nilitoboa matundu mengine matatu, nikasafisha upya, na viwili vikajitokeza, vidogo, pembeni ya mahali nilipokuwa nimeshikilia. Klipu yangu ilikuwa kwenye mrija mkubwa. Niliitoa nikiwa na jasho mpaka kwenye viatu. Kwa siku kumi nilikwenda wodini asubuhi na jioni kumfunua yule msichana kope kuona kama macho yamegeuka manjano. Hayakugeuka. Aliolewa, akaniletea kipande cha keki.

Sista alistaafu mwisho wa mwezi ule ule, siku yake ilikuwa imefika. Kwenye sherehe ya kumuaga mimi ndiye niliyepewa kusema. Nilisema mengi mazuri, watu wakapiga makofi, naye akanitazama akiwa na soda mkononi akingoja. Nikamaliza bila kulisema lile moja. Alinywa soda yake, akaenda Musanda.

Miaka sita ikapita. Kakamega na Musanda si mbali. Mara mbili niliwasha gari kwenda kumwona, na mara zote mbili niliishia Mumias, nikanunua ndizi nisizozihitaji na kugeuza.

Ndipo asubuhi moja nikamwona kwenye benchi la kliniki yangu, amepungua, amevaa kofia ya sufu, kadi mkononi, amepanga foleni pamoja na watu wengine.

"Mulembe, Daktari," alisema alipoingia.

"Mulembe, Sista."

Picha ilionyesha mawe na mfuko wenye ukuta mnene, mfuko uliougua kwa miaka. Alikuwa ameisoma kabla yangu. Akanyoosha nguo yake na kusema, "Mimi nataka ile ya tundu moja."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alisema tumbo lake limebeba watoto watano na halijawahi kutobolewa, anataka liende kaburini likiwa safi, na amesikia hapa hakuna anayeiweza njia hiyo kunishinda mimi. Mpaka leo sijui kama alikuwa akinipima au alikuwa mwanamke mzee mwenye maringo yake ya siri. Najua tu kwamba ingekuwa rahisi sana kukubali. Ningempa alichotaka, na kwa hicho ningejiona nimemaliza habari ya ile siku bila kufungua mdomo.

"Hapana, Sista," nilisema. "Nyongo yako si tulivu. Nitatoboa manne."

"Mgonjwa ndiye anachaguanga."

"Mgonjwa anachagua daktari. Kama unataka moja, nitakuandikia barua uende kwa mwingine."

Aliichezea kadi. Kisha akauliza nani siku hizi anashika kamera. Nikamtajia muuguzi mmoja mwenye mikono mikubwa, ambaye Sista mwenyewe ndiye aliyemfundisha. "Mwambie asipumue kama ng'ombe," alisema. "Na kijukwaa changu asikipande, atakivunja." Nilijaribu kulisema neno langu hapo hapo, lakini alikuwa amekwisha kusimama, akaniambia wagonjwa wengine wanangoja.

Ilichukua muda mrefu. Kila kitu mle ndani kilikuwa kimegandana, miaka yote ya ile Kwaresima. Nilisafisha kidogo kidogo mpaka vikabaki mrija na mshipa, na ini nyuma yao. Nikanyoosha mkono. Muuguzi wa kamera akasema, "Naona viwili," sawasawa kabisa, kama alivyofundishwa. Nikajikuta sipokei klipu. Nilikuwa nimegeuka upande wa kichwani mwa meza, kwa yule aliyelala na mpira mdomoni, nikimngojea yeye aseme. Kisha nikaomba nipanguswe jasho.

Alipoamka, neno lake la kwanza lilikuwa, "Imepasuka?"

"Haijapasuka, Sista."

"Haya," alisema, akalala tena.

Baada ya mwezi mmoja alinipigia simu kuniita Musanda, Jumapili baada ya kanisa. Safari hii sikuishia Mumias. Nilimkuta jikoni, ameshachinja ingokho, kuku wa wageni, mwenyewe na kukataa kusaidiwa. Mumewe alikuwa mezani tayari, mzee mpole mwenye shati lililopigwa pasi, akingojea chakula kwa uvumilivu wa miaka mingi.

Obusuma ilipowekwa mezani, nikaona kwamba nisiposema sasa nitarudi nalo nyumbani tena. Nikasema. Nilimwambia ile siku yeye ndiye aliyeona sawa, kwamba klipu niliibana kwenye mrija mkubwa, kwamba nilimtoa nje mbele ya wauguzi aliowafundisha na nikamwacha astaafu na hilo. Nilimwomba msamaha.

Sista aliendelea kumimina mchuzi.

"Nilinawa mikono tena," alisema. "Nikavaa glavu mpya. Nikasimama nyuma ya ule mlango, nikangoja uniite." Akaweka bakuli chini. "Nilisimama mpaka mkatoa mgonjwa. Hukuniita."

Mlango ule una kioo kidogo juu, na yeye alikuwa mfupi mno kukifikia, na kijukwaa chake kilikuwa ndani pamoja nasi.

"Kula, itapoa," aliniambia.

Kisha akafanya jambo ambalo mumewe alilitazama mpaka mwisho bila kuamini. Alichukua bawa akaliweka kwenye sahani ya mzee. Akatafuta ndani ya bakuli, akatoa firigisi, akaiweka kwenye ubao na kuikata katikati, vipande viwili sawa. Kimoja akakiweka kwangu. Kingine akakitia mdomoni mwake yeye mwenyewe, kwa mara ya kwanza katika umri ule, akatafuna kwa muda mrefu upande uliobaki na meno, akitazama dirishani, nasi tukimtazama yeye.

"Kumbe ni hii tu," alisema.